Siku ya Toba na Haki ya Mtunzaji: Sheria ya Ujerumani ya 1994

Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Martin Luther alipoieleza amri ya nne alifundisha kwamba kuwaheshimu wazazi ni pamoja na kuwatumikia kwa mwili na kwa mali wanapokuwa wazee, wagonjwa au maskini. Fundisho hilo limehubiriwa vizazi vingi. Hata hivyo, swali moja lilikaa muda mrefu bila kujibiwa: mtu anayeacha kazi yake ili amwogeshe na kumlisha mzazi wake, yeye atakula nini, naye akizeeka atamtegemea nani? Makala hii inakusudia kueleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa katika nchi ya Luther mwenyewe, na jinsi Kanisa lilivyoguswa na jibu hilo.

Mwaka 1836 Mchungaji Theodor Fliedner alianzisha huko Kaiserswerth nyumba ya masista wa diakonia. Masista hao hawakulipwa mshahara, lakini nyumba yao iliwaahidi matunzo wakati wa ugonjwa na uzee. Mwaka 1889, katika siku za Bismarck, ilitungwa sheria ya bima ya uzee, ambayo ilimpa pensheni mfanyakazi aliyetimiza miaka 70. Hivyo sista alikuwa na tegemeo lake, na mfanyakazi mzee alikuwa na lake. Aliyesahauliwa ni binti au mke wa mwana aliyeuguza nyumbani. Utumishi wake uliitwa upendo, na kwa kuwa uliitwa upendo haukuhesabiwa kuwa kazi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili idadi ya wazee iliongezeka. Chini ya sheria ya msaada wa jamii ya mwaka 1961, mzee aliyeshindwa kulipia nyumba ya matunzo alilazimika kuomba msaada wa umma, na watoto wake waliweza kudaiwa sehemu ya gharama. Watu waliofanya kazi maisha yao yote walimaliza siku zao wakihesabiwa miongoni mwa maskini. Baada ya mjadala wa takriban miaka ishirini, Bunge lilipitisha mwaka 1994 sheria ya bima ya matunzo, iliyosimamiwa na Waziri wa Kazi Norbert Blüm. Michango ilianza Januari 1995, na malipo ya matunzo ya nyumbani yalianza Aprili mwaka huo.

Mzee aliyetunzwa na ndugu zake alipewa marki 400, 800 au 1,300 kwa mwezi, kulingana na hali yake. Fedha hizo alikabidhiwa mzee mwenyewe, ili yeye ampe anayemtunza. Kwa hiyo hakuwa mpokeaji tu, bali pia mwenye kutoa. Tena, mtunzaji aliyefanya kazi hiyo angalau saa 14 kwa juma alilipiwa na bima michango ya pensheni yake mwenyewe. Hivyo miaka ya kuuguza iliingia katika hesabu ya uzee wa mwuguzaji.

Lakini ni nani angelipa? Mchango uligawanywa nusu kwa nusu kati ya mwajiri na mfanyakazi, nao waajiri walidai fidia. Ndipo ilipofutwa, kuanzia 1995, sikukuu ya umma ya Kiprotestanti, yaani Siku ya Toba na Maombi, inayoangukia Jumatano kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa. Jimbo la Saxony peke yake liliihifadhi, na huko wafanyakazi hulipa sehemu kubwa kuliko waajiri. Viongozi wa Kanisa walipinga. Katika Schleswig-Holstein ilipigwa kura ya maoni mwaka 1997 ili siku hiyo irudishwe, lakini kura za kuunga mkono hazikufikia kiwango kilichotakiwa.

Msomaji wa Marko 7 atakumbuka Korbani. Pale, kilichowekwa wakfu kwa Mungu kilitumiwa kuwanyima wazazi haki yao. Hapa mambo yaligeuka: siku ya Mungu iliondolewa ili wazee watunzwe. Hata hivyo tusiharakishe kusifu, kwa maana siku hiyo haikutolewa na Kanisa, bali ilichukuliwa na serikali, na nafuu yake iliwaendea waajiri. Isitoshe, mzee aliyechagua huduma ya wauguzi wa kuajiriwa alipewa huduma yenye thamani ya marki 750 hadi 2,800. Yaani kazi ya ndugu, ambao wengi wao ni wanawake, ilithaminiwa kwa takriban nusu tu.

Kwetu pia jambo hili linatuhusu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa Pensheni Jamii wazee wenye miaka 70 na zaidi. Ni hatua njema, nayo inamtazama mzee. Mtume, katika 1 Timotheo 5:16, anamtaja pia mwanamke aaminiye anayewasaidia wajane, lakini hasemi ni nani atakayemsaidia yeye. Wachungaji huandika majina ya wazee wa kutembelewa na kupelekewa Chakula cha Bwana. Yatupasa kuandika, kando ya kila jina, jina la yule anayemuuguza, na kuuliza jinsi anavyoishi.