Oili ya giaboksi kwa magari ya zamani: ipi inafaa, ipi inaharibu

Magari ya zamani bado yana kazi katika nchi zetu. Land Rover za chesisi ndefu zinapeleka bidhaa minadani, Pijo 404 na 504 hazijaisha vijijini, na tangu mwaka 2003 mashindano ya East African Safari Classic yamekuwa yakikusanya magari ya kale kupita barabara za Kenya na Tanzania. Wapo pia wafanyabiashara wanaonunua magari haya, kuyafufua na kuyauza kwa wateja ndani na nje ya mpaka.

Wengi wao hubadilisha oili ya injini kwa wakati. Ile ya giaboksi husahauliwa, na siku ikibadilishwa hutiwa yoyote iliyopo dukani. Hasara yake ni kubwa. Spea za giaboksi ya gari la miaka 40 au 50 hazipatikani kila mahali. Nyingi huagizwa kutoka nje. Gari linapolala gereji likisubiri ringi moja, mzigo wa nyanya hausubiri.

Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kununua.

NAMBA ZA SAE ZISIKUCHANGANYE

Namba ya SAE inaonyesha mnato, yaani uzito wa oili. Lakini oili za gia zina kipimo chake na oili za injini zina chake. Mtu akisikia "90" hudhani ni nzito mara mbili ya "40". Sivyo. Oili ya gia SAE 90 ikiwa ya moto ina mnato unaokaribiana na oili ya injini SAE 40 au 50. Oili ya gia SAE 80 inakaribiana na oili ya injini SAE 20 au 30.

Ndiyo maana baadhi ya viwanda viliagiza oili ya injini itiwe kwenye giaboksi. Fundi anayefuata maelekezo hayo hafanyi ubahili.

Jambo la pili: kipimo cha oili za gia kilirekebishwa mwaka 2005, yakaongezwa madaraja ya 110 na 190. Oili nzito ambazo zamani ziliitwa 90 sasa zinaweza kuuzwa kama 110.

GL-4 NA GL-5: HAPA NDIPO PENYE HATARI

Herufi GL zinaonyesha kiwango cha dawa za kuhimili shinikizo kubwa kati ya meno ya gia. GL-1 ni oili tupu isiyo na dawa hizo. GL-4 ina kiasi cha wastani. GL-5 ina dawa nyingi, mara nyingi karibu mara mbili ya GL-4, na ilikusudiwa hasa difu za haipoidi ambazo meno yake husuguana kwa nguvu sana.

Wauzaji wengine husema, "GL-5 ni namba kubwa, kwa hiyo ni bora." Kwa giaboksi ya zamani, kauli hiyo inaweza kukugharimu. Sababu ni mbili.

Kwanza, dawa hizo zina salfa na fosforasi. Salfa kali ikipata joto hushambulia shaba. Ringi za sinkro na bushi nyingi katika giaboksi za zamani zimetengenezwa kwa aina za shaba. Baadhi ya GL-5 za siku hizi zimetengenezwa zisile shaba, lakini hutajua kwa kutazama kopo tu. Soma maelezo ya mtengenezaji.

Pili, sinkro hufanya kazi kwa kushika na kusugua ili kasi za gia zilingane. Oili yenye utelezi uliozidi huifanya ringi iteleze badala ya kushika. Dereva atasikia gia ikikwaruza, hasa anaposhusha gia mlimani.

Kosa la kinyume nalo lipo: GL-4 katika difu ya haipoidi inayotaka GL-5. Hapo meno ya difu hukosa kinga na kuchubuka. Kwa hiyo giaboksi na difu visichukuliwe kuwa kitu kimoja, hata kama fundi ana dramu moja tu.

GARI GANI, OILI GANI

Kitabu cha gari ndicho cha kwanza kuaminiwa. Kwa magari yanayojulikana hapa kwetu, mwongozo ni huu:

- Land Rover Series I, II na III: SAE 90 yenye dawa za shinikizo, ya kiwango cha GL-4, kwa giaboksi. Katika Series III giaboksi kuu inachukua takriban lita 1.5, na transfa takriban lita 2.5.
- Land Rover za baadaye zenye giaboksi ya LT77: hizi hutumia oili ya ATF, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki, ingawa gia zake ni za mkono. Ukiweka SAE 90, gia zitakuwa nzito kuingia asubuhi.
- Peugeot 404 na 504 za gia za mkono: giaboksi hutumia oili ya injini. Difu ya 404 saluni ina gurudumu la shaba linalozungushwa na gia ya skrubu, nayo inataka oili yake maalumu. Usiweke GL-5 ya kawaida.
- Toyota Land Cruiser mfululizo wa 40: GL-4 SAE 90 kwa giaboksi, GL-5 SAE 90 kwa difu.
- Mini ya zamani: injini na giaboksi vinatumia oili moja, kwa kawaida 20W-50. Oili ya gia haina nafasi humo.

UNAPONUNUA

Angalia kopo lina namba ya SAE, daraja la API, jina la mtengenezaji na alama ya shirika la viwango la nchi husika, kama TBS au KEBS. Kifuniko kiwe hakijafunguliwa. Oili ya kupimiwa kutoka dramu isiyo na maandishi ni bahati nasibu. Kama unavuka mpaka na gari lisilo la kawaida, beba lita mbili za akiba na risiti yake, maana oili yako huenda usiipate uendako.

UNAPOBADILISHA

1. Endesha gari kwanza ili oili ipate moto, kisha uegeshe mahali tambarare.
2. Fungua bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Bolti ya kujazia ikigoma baada ya kumwaga, gari limekwama hapo.
3. Tazama oili iliyotoka. Ikiwa kama maziwa, maji yameingia. Chenga zinazonata kwenye sumaku zimetoka kwenye meno au beringi. Vumbi la rangi ya dhahabu lisiloshikwa na sumaku ni shaba ya sinkro au bushi.
4. Jaza hadi oili ifike usawa wa tundu la kujazia, isipokuwa kitabu kikisema vingine. Ikizidi, itavuja kupitia sili na inaweza kufika kwenye klachi.
5. Safisha tundu la kupumulia. Likiziba, joto husukuma oili nje hata kama sili ni mpya.

Kama hujui oili iliyomo ni ya aina gani, usiongezee juu yake. Mwaga yote na uanze upya, kisha andika aina na tarehe kwenye kibandiko karibu na injini. Lita mbili za oili sahihi ni gharama ndogo ukilinganisha na giaboksi moja, na mnunuzi wa gari la kale akikuta kumbukumbu hiyo atakuwa na sababu ya kukubali bei yako.