Kizuia jua cha kioo cha gari: hukinga nini, na huweza kuharibu nini?

Gari linalongoja taratibu za forodha katika mpaka wa Kobero, kaskazini-mashariki mwa Burundi, mkabala na Kabanga ya Tanzania, huweza kukaa juani kwa saa nyingi. Dereva anayetandaza kizuia jua chenye kung'aa nyuma ya kioo cha mbele hufanya jambo la busara, ila kifaa hicho kina mipaka yake.

Joto hupandaje?

Mwanga wa jua hupenya kioo, ukafyonzwa na dashibodi na viti, kisha ukageuka joto lisilopata njia ya kutoka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi kwa saa moja. Asilimia 80 ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza, hata hewa ya nje ikiwa ya wastani. Kwa hiyo ubaridi wa nyanda za juu za Muyinga si kinga.

Madhara yako wapi?

Kizuia jua huurudisha mwanga kuelekea kioo, na hewa iliyonaswa kati yake na kioo hupata joto kali. Gundi inayoshikilia kioo cha kutazamia nyuma inaweza kulegea, na simu au kamera iliyoachwa hapo ikaharibika betri.

Kioo kizima hakina hatari kubwa. Chenye ufa ndicho cha kuangaliwa, kwani joto lisilolingana hukitanua kwa viwango tofauti na ufa ukarefuka, hasa kikimwagiwa maji baridi.

Umbo nalo lina uzito. Uso uliobonyea ndani hukusanya miale mahali pamoja. Mwaka 2013 jijini London, miale iliyoakisiwa na jengo la vioo lililopinda iliyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa.

Tahadhari

Kizuia jua kitandazwe kikiwa kimenyooka, simu na dawa ziondolewe, na ufa urekebishwe mapema. Kabla ya kuondoka, milango ifunguliwe joto litoke.

Zaidi ya yote, kizuia jua hulinda dashibodi, hakilindi uhai. Mtoto asiachwe kamwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa muda wa kugonga muhuri wa pasipoti.