Mipigo ya umeme katika tiba ya maumivu

Tiba ya maumivu kwa mipigo ya umeme ni jina la jumla la mbinu za kitabibu zinazotumia umeme mdogo kuvuruga habari ya maumivu ndani ya neva (mishipa ya fahamu) kabla haijafika ubongoni. Mbinu hizi hazitibu jeraha lenyewe. Hukatiza ujumbe wake. Kwa mkazi wa Kitui au Makueni, mashariki mwa Kenya, iliyo karibu zaidi ni TENS, yaani uchochezi wa neva kupitia ngozi, ambayo ni chombo cha kawaida cha wataalamu wa tibaviungo nchini. Zile zinazohitaji sindano maalumu au upasuaji zinapatikana hasa Nairobi.

Jinsi inavyofanya kazi

Mtu akijikwaa husugua kidole chake bila kufundishwa na yeyote, na kusugua huko humpa nafuu. Habari ya mguso husafiri katika neva nene, kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Habari ya maumivu ya kuunguza au ya kuvuta husafiri katika neva nyembamba, na baadhi yake haizidi mita 2 kwa sekunde. Mwaka 1965 Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada, na Patrick Wall, mtaalamu wa neva wa Uingereza, walieleza kwamba habari hizi hukutana katika uti wa mgongo penye kitu mfano wa lango. Neva nene zikishughulishwa, lango hujibana, na maumivu machache tu hupita. Utafiti wa baadaye umerekebisha sehemu za nadharia hiyo, lakini wazo la lango ndilo lililofungua njia ya vifaa vya leo.

Historia

Umeme wa kutuliza maumivu ulianza na samaki. Katika karne ya 1 BK, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliandika kuhusu kumtumia samaki aitwaye taa, yule mwenye umeme, akiwa hai, kwa maumivu ya kichwa na ya jongo. Tiba ya kisasa ilishika kasi baada ya nadharia ya lango. Mwaka 1967 Wall na mwenzake William Sweet walichapisha majaribio ya kuchochea neva za binadamu kwa umeme, na mwaka huohuo daktari wa upasuaji Norman Shealy wa Marekani alipandikiza kichocheo cha kwanza kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa wa saratani.

Aina

*TENS* ni kikasha cha betri chenye nyaya na vibandiko vinavyowekwa juu ya ngozi. Ikiwekwa kwenye mipigo 50 hadi 100 kwa sekunde, mgonjwa husikia mnyeo usiouma, na nafuu huja haraka lakini huisha upesi mashine ikizimwa. Ikiwekwa kwenye mipigo michache, 2 hadi 4 kwa sekunde, misuli hurukaruka, na mwili huamshwa kutoa endofini, dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu.

*Mawimbi ya redio* hupitishwa katika sindano iliyofikishwa karibu na neva. Yakitolewa mfululizo, huchoma neva kwa joto la nyuzi 80 hivi kwa muda wa dakika moja au zaidi kidogo. Neva huota tena, kwa hiyo maumivu yanaweza kurudi baada ya miezi kadhaa. Yakitolewa kwa mipigo, kila mmoja wa milisekunde 20, mara mbili kwa sekunde, joto hudhibitiwa lisizidi nyuzi 42, na neva huvurugwa bila kuchomwa.

*Kichocheo cha uti wa mgongo* hupandikizwa chini ya ngozi kwa wagonjwa wachache ambao tiba nyingine zimeshindwa kuwasaidia.

Ufanisi na tahadhari

Uchambuzi wa tafiti 381 uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa TENS hupunguza maumivu wakati inapotumika au mara tu baada ya hapo. Hata hivyo, mwaka 2016 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, ilishauri isitumiwe kwa maumivu ya kiuno. TENS haifai kwa mwenye kidhibiti cha mapigo ya moyo bila idhini ya daktari wake. Vibandiko havitakiwi kuwekwa mbele ya shingo, juu ya kidonda, wala tumboni mwa mjamzito. Mwenye kifafa apate kwanza ushauri wa daktari.

Kitui na Makueni

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Sehemu kubwa ya kaunti hizi ni nusu kame, na mito mingi hutiririka msimu wa mvua tu. Kwa hiyo maji hufuatwa na kubebwa: mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, na wanawake wengi wa Kikamba huubeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Kuna pia jembe, mchanga wa kupakia na safari ndefu za bodaboda. Kiuno, shingo na magoti ndivyo vinavyolipa.

Tangu 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti, na hospitali za rufaa ziko mjini Kitui na Wote. Taaluma ya tibaviungo inasimamiwa na sheria ya mwaka 2014. Kwa kuwa TENS hutumia betri, inaweza kutumika hata katika nyumba isiyo na stima, mradi mgonjwa ameonyeshwa mahali pa kubandika.

Tiba hii isichanganywe na kumpiga shoti ya umeme aliyeumwa na nyoka, jambo lililodaiwa kuwa tiba katika barua iliyotoka Ecuador na kuchapishwa mwaka 1986 katika jarida la The Lancet. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba shoti hiyo ina madhara. Katika nchi hii ya moma na swila, aliyeumwa apelekwe hospitali upesi.

Mashine haipunguzi uzito wa mtungi. Ndiyo maana tibaviungo huambatana na mazoezi na mafunzo ya kubeba mizigo, na ndiyo maana mabwawa ya mchanga (kuta zinazojengwa katika mito ya msimu ili mchanga uhifadhi maji), ambayo kaunti hizi mbili zinajulikana kwayo, yanahusika na mgongo pia: yanafupisha njia ya kwenda kuteka maji.