Maana ya Imani ya Kikristo: Je, Asiyeponywa Amekosa Imani?

Neno imani limetufikia kutoka Kiarabu, na hapa Tanga tunalitumia sawa na jirani zetu Waislamu. Lina undugu na neno amana, yaani kitu ambacho mtu humkabidhi mwingine akitunze. Hata "Amina" tunayoitikia Misani, yenye asili ya Kiebrania, hutoka katika mzizi huohuo wenye maana ya uthabiti na uaminifu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aliyoitangaza Papa Yohane Paulo II mwaka 1992 kwa hati iitwayo Amana ya Imani, hufundisha (na. 150) kwamba imani kwanza ni mtu kuambatana na Mungu mwenyewe, na papo hapo ni kuukubali kwa hiari ukweli wote aliotufunulia. Anayeikariri Kanuni ya Imani bila kujikabidhi kwa Mungu amebaki na maneno matupu. Tena imani ni paji la Mungu (na. 153), ingawa kila mmoja huliitikia kwa akili na utashi wake.

Ikiwa ni paji, basi kuna usemi mmoja tunaopaswa kuukataa. Mama ameuguza mtoto, amesali novena, ameombewa, na mtoto amefariki. Kisha huambiwa kwamba imani yake ilikuwa haba. Huo ni ukatili, wala si mafundisho ya Kanisa. Unaifanya imani kuwa bei na Mungu kuwa muuzaji. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake. Haukuondolewa, akapewa neema ya kumtosha (2 Kor 12:7-9). Sura ya 11 ya Waraka kwa Waebrania, ambayo wengi wetu huisoma mpaka kwenye ushindi tukaishia hapo, inaendelea kuwataja waliopigwa mawe na waliokatwa kwa misumeno. Hao nao walishuhudiwa kwa imani yao, ingawa hawakuipokea ahadi.

Kwenda hospitali si upungufu wa imani. Kuvaa hirizi chini ya rozari, jambo ambalo bado lipo miongoni mwetu, ni kosa (na. 2117), kwa maana aliyejikabidhi kwa Mungu hawezi kujikabidhi papo hapo kwa nguvu nyingine.

Mama yule akirudi Misani, asiulizwe kitu. Katekisimu (na. 166) inatukumbusha kwamba hakuna awezaye kuamini akiwa peke yake. Siku asizoweza kusali, Jumuiya Ndogondogo yake iende nyumbani kwake isali pamoja naye, hata kama yeye atakaa kimya.