Alilala Uganda, Akaamka Wapi?

Haya wadau, kitendawili cha leo: mzee alilala Uganda, akaamka nchi nyingine, na kitandani hakutoka. Yuko wapi?

Yuko hapa hapa Kisumu. Na si utani wa Siku ya Wajinga, ingawa tarehe ni hiyo hiyo: 1 Aprili 1902.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901. Wazungu wakapaita Port Florence, jina la mke wa Ronald Preston, aliyesimamia utandikaji wa reli. Wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Kwa hiyo nyinyi mnaocheka eti "Reli ya Uganda" iliishia Kenya, poleni sana. Uganda ilifika, mpaka ndio uliohama!

Kisa? London ilitaka reli yote iwe chini ya serikali moja. Ikalimega jimbo lile na kulipachika kwenye Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1920 ikawa Koloni la Kenya. Mjaluo, Mluhya, Mnandi, hakuna aliyeulizwa. Baadaye tukarithi mstari huo na kuapa kwamba ni wetu tangu enzi za mababu.

Ndiyo maana mtu akimwambia Msamia wa Busia "rudi kwenu Uganda", mimi huuliza: kwa ramani ya mwaka gani, boss?

Swali la kwenda nalo nyumbani: babu wa babu yako alizaliwa nchi gani? Usijibu haraka.