Mashahidi wa Gari la Puri: Amri ya Nane katika Historia ya Misioni nchini India

Utangulizi

Mhubiri anapoisema mimbarani dini ya watu wengine, anatoa ushahidi. Watu anaowasema hawapo kanisani kujitetea, na waumini hawana njia ya kupima maneno yake. Kwa hiyo Amri ya Nane, inayotukataza kumshuhudia jirani uongo, inamhusu mhubiri hapo hapo mimbarani, sawa na inavyomhusu shahidi mahakamani. Martin Luther, alipoifafanua amri hiyo katika Katekisimo Ndogo, hakuishia kukataza uongo. Alidai pia tumtetee jirani na kuyachukua matendo yake kwa upande ulio mwema.

Katika makala hii tunakusudia kuipima amri hiyo kwa kisa kimoja cha historia: jinsi Wakristo wa Ulaya walivyoitembelea sikukuu ya magari ya hekalu la Jagannath, mjini Puri, na jinsi walivyosimulia waliyoyaona. Kisa hiki ni cha India, lakini sisi tulioipokea Injili kwa mikono ya wamisionari tutaona kwamba kinatugusa kwa karibu.

Sikukuu yenyewe

Puri ni mji wa pwani katika jimbo la Odisha, mashariki ya India. Hekalu lake kuu lilijengwa katika karne ya 12. Ndani yake mna sanamu tatu za mbao: Jagannath, ambaye Wahindu humwabudu kama umbo la Vishnu na ambaye jina lake maana yake ni Bwana wa ulimwengu, kaka yake Balabhadra, na dada yao Subhadra. Wasio Wahindu hawaruhusiwi kuingia hekaluni. Lakini mara moja kwa mwaka, katika mwezi wa Juni au Julai, sanamu hizo hutolewa nje na kupandishwa juu ya magari matatu ya mbao, na hapo kila mtu, wa dini yoyote, huweza kuzitazama.

Magari hayo huundwa upya kila mwaka. La Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14 na la Subhadra 12, na kila moja lina kimo cha zaidi ya mita 12. Hayavutwi na farasi wala mtambo. Umati wa watu hushika kamba nene na kuyakokota katika barabara pana, mwendo wa kilometa 3 hivi, mpaka hekalu la Gundicha. Siku ya tisa huanza safari ya kurudi. Kabla ya magari kuondoka, mfalme wa Puri hupanda na kuyafagia kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu. Maana ya tendo hilo ni wazi kwa wote: mbele ya Bwana wa ulimwengu hata mfalme ni mfagizi.

Ushuhuda wa Claudius Buchanan

Msafiri wa kwanza wa Ulaya aliyesikika sana juu ya magari ya namna hii ni Odoric wa Pordenone, mtawa wa Wafransisko, aliyepita pwani ya kusini mashariki ya India katika miaka ya 1320. Yeye hakusimulia habari za Puri, bali za gari la sanamu la pwani ile, akieleza kwamba watu walijitupa chini ya magurudumu yake. Simulizi hilo liliigwa na wengine, na kwa karne nyingi msomaji wa Ulaya alipolisikia gari la Wahindu aliwaza juu ya damu.

Mtu aliyeliweka wazo hilo katika fikira za makanisa ya Uingereza ni Claudius Buchanan, kasisi Mskoti aliyetumikia Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Alifika Puri mwezi wa Juni 1806. Miaka mitano baadaye, mwaka 1811, alichapisha kitabu kiitwacho Christian Researches in Asia. Humo alimfananisha Jagannath na Moleki wa Agano la Kale, na kueleza jinsi alivyomwona mtu akijilaza mbele ya gari na kupondwa. Kitabu hicho kilisomwa na wengi sana, na kilichangia mjadala wa mwaka 1813, ambapo bunge la Uingereza lilifungua mlango kwa wamisionari kuingia katika maeneo ya Kampuni. Kutokana na sifa hiyo ya kutisha, jina la Jagannath liligeuka katika Kiingereza kuwa neno "juggernaut", yaani nguvu kubwa inayoponda kila kilicho mbele yake. Jina takatifu la jirani likawa tusi.

Je, Buchanan alisema uongo? Hatuna sababu ya kudhani hivyo. Aliandika aliyoyaona. Lakini ni lazima tusome yote aliyoyaandika. Kabla hajafika Puri alikuta mifupa ya mahujaji kando ya njia. Baadaye alimwona mwanamke maskini amelala chini, amekufa au yu karibu kufa, na watoto wake wawili wameketi karibu naye. Alipowauliza kwao ni wapi, walimjibu kwamba hawakuwa na kwao ila pale alipokuwa mama yao. Mama huyo hakuuawa na gurudumu. Mahujaji wengi waliokufa katika safari zile waliuawa na njaa, uchovu na maradhi, hasa kipindupindu. Hata hivyo wasomaji wa Buchanan walilikumbuka gurudumu, wakawasahau watoto wale wawili.

Mwaka 1872 William Wilson Hunter, mtumishi wa serikali ya Uingereza nchini India, alitoa kitabu chake juu ya Orissa, kama jimbo hilo lilivyoitwa wakati ule. Baada ya kuchunguza kumbukumbu alikata shauri kwamba vifo chini ya magari vilikuwa vichache; vingi vilikuwa ajali za msongamano, na waliojiua kwa hiari walikuwa hasa wagonjwa waliochoka na maisha. Alieleza tena kwamba umwagaji wa damu ni kinyume cha ibada ya Jagannath, kiasi kwamba damu ikimwagika hekaluni mahali pale huhesabiwa kuwa pametiwa unajisi. Basi aliyefananishwa na Moleki, kwa imani ya watu wake mwenyewe, huchukia damu.

Kodi ya mahujaji

Kuna upande mwingine wa habari hii. Majeshi ya Kampuni yaliiteka Puri mwaka 1803. Mwaka 1806, mwaka ule ule wa safari ya Buchanan, Kampuni iliweka sheria ya kuwatoza mahujaji kodi, na serikali iliyojiita ya Kikristo ikajipatia fedha kutokana na sikukuu ambayo wahubiri wake waliilaani. Wamisionari Wabaptisti waliofika Orissa mwaka 1822 waliliona jambo hili kuwa aibu. Mmoja wao, James Peggs, aliporudi Uingereza aliipinga kodi hiyo kwa maandishi mengi, na hatimaye ikafutwa mwaka 1840. Hapa wamisionari walistahili heshima, maana waliielekeza lawama kwa wenye mamlaka wa taifa lao wenyewe.

Tena tukumbuke njaa ya mwaka 1866. Chini ya utawala ule ule, watu wapatao milioni moja walikufa katika Orissa, kwa kuwa serikali ilichelewa kutambua upungufu wa chakula na kuleta mchele. Kwa hesabu yoyote ile, waliokufa katika mwaka huo mmoja wanapita kwa mbali sana wote waliopata kupondwa na magari ya Puri. Lakini lugha ya Kiingereza haikupata neno la kutisha kutokana na jina la ofisi iliyochelewesha mchele. Makosa ya jirani huwa methali, na ya nyumbani mwetu huandikwa katika ripoti.

Ziegenbalg wa Tranquebar

Miaka 100 kabla ya Buchanan, India ilikuwa imekwisha kupokea shahidi wa namna nyingine. Bartholomäus Ziegenbalg na mwenzake Heinrich Plütschau, wamisionari wa kwanza wa Kilutheri nchini India, walifika Tranquebar tarehe 9 Julai 1706, wakitumwa na mfalme Frederick IV wa Denmark. Tranquebar iko katika nchi ya Watamil, ambako pia mahekalu makubwa huwa na magari yao ya sikukuu.

Ziegenbalg hakuanza akiwa na hekima yote. Katika miaka yake ya kwanza alizikuta sanamu za udongo nje ya hekalu moja, akaziangusha na kuzivunja vichwa, ili awaonyeshe watu kwamba hazina nguvu. Mtamil mmoja mwenye elimu akamweleza kwamba hakuna mwenye akili aliyezidhania kuwa Mungu. Zilikuwa mfano wa walinzi tu. Yaani mmisionari alikuwa amekipiga vita kitu asichokijua.

Alijifunza. Aliketi na watoto wa shule kusoma Kitamil, akakusanya vitabu vya Watamil, akawaandikia wenyeji barua za kuwauliza juu ya imani, ibada na sikukuu zao, na majibu yao akayatafsiri kwa Kijerumani. Mwaka 1713 alimaliza kitabu kikubwa juu ya nasaba ya miungu ya Kusini mwa India. Alipokipeleka Halle, August Hermann Francke alikataa kukichapisha, akisema kwamba wamisionari walitumwa kuung'oa upagani, si kueneza upuuzi wake Ulaya. Mswada huo ulikaa bila kuchapishwa mpaka mwaka 1867, ulipotolewa mjini Madras, karibu miaka 150 baada ya mwandishi wake kufariki mwaka 1719.

Mtu asidhani kwamba Ziegenbalg aliilegeza Injili. Ndiye aliyelitafsiri Agano Jipya kwa Kitamil, na mpaka kufa kwake aliwaita Watamil wamwache sanamu, wamfuate Kristo. Lakini aliona kwamba huwezi kumwita mtu kutoka mahali ambapo wewe mwenyewe hupajui. Naye Mtume Paulo, kabla ya kusema neno Areopago, alikuwa amezunguka Athene akivitazama vitu vya ibada vya wenyeji, mpaka akayasoma maandishi ya madhabahuni.

Gari jipya la Sanduku la Agano

Labda msomaji atauliza: je, kifo kimoja chini ya gari si kingi? Ni kingi. Lakini na tusome 2 Samweli sura ya 6. Sanduku la Mungu limepandishwa juu ya gari jipya, watu wanacheza kwa vinubi na matari, ng'ombe wanajikwaa, Uza ananyosha mkono, naye anakufa hapo kando ya gari. Mgeni kutoka nchi ya mbali ambaye angeiona siku hiyo peke yake angeandika nini juu ya Mungu wa Israeli?

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Tarehe 1 Februari 2020, katika mkutano wa maombi mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Tarehe 29 Juni 2025, katika sikukuu ya Puri, watu watatu walikufa kwa msongamano karibu na hekalu la Gundicha. Kama mtu angeandika kwamba Wakristo wa Tanzania huabudu kwa kuuana juu ya mafuta, tungelia kwamba tumesingiziwa, na tungekuwa na haki. Haki hiyo hiyo jirani yetu anaidai kwetu.

Kuchukua mambo kwa upande mwema si kufunika uovu. Tabaka zilizohesabiwa kuwa duni zilifungiwa mlango wa hekalu la Puri kwa muda mrefu, na mwaka 1938 Gandhi alihuzunika sana aliposikia kwamba mkewe Kasturba ameingia humo hali ndugu zake wa tabaka hizo wamezuiwa. Shahidi wa kweli huyasema hayo pia. Ila hulisema kila jambo kwa kipimo chake, wala hafanyi sehemu kuwa yote.

Hitimisho

Shirika la Misioni la Leipzig, lililoirithi kazi ya Tranquebar katika miaka ya 1840, ndilo lililowatuma wamisionari wake Kilimanjaro mwaka 1893. Kwa hiyo Ziegenbalg ni babu yetu katika ukoo wa imani. Katika ukoo huo alitokea Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuziandika kwa uangalifu desturi na sheria za Wachaga. Walitokea pia wengine, ambao kwa maneno machache waliziita ibada za babu zetu ushetani, wakapita. Sisi tunajua kwa uchungu tofauti ya mashahidi hao wawili, kwa kuwa tulikuwa wenye kushuhudiwa.

Leo sisi ndio tunaoshuhudia. Wahindu wana mahekalu yao Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, na Waislamu ni ndugu na jamaa zetu. Wanafunzi wetu wa theolojia watapewa mimbari kesho. Kabla hawajaisema dini ya jirani, na waulizwe maswali matatu: Umeketi naye? Umemsikia akijieleza? Je, angejitambua katika maneno yako kama angekuwa ameketi kanisani?

Tena na tumtendee Buchanan kama tunavyotaka wote watendewe. Alisimama kando ya njia, akawaona watoto wawili kando ya mama yao, akawauliza kwao ni wapi. Swali hilo lilikuwa ushahidi wake ulio bora kuliko wote.