Faustin Linyekula: kupenda teatri mpaka iwe kazi

Mtoto wa Masako mwenye kupenda kuigiza au kuandika michezo ya televizyo anaulizwa nyumbani: utakula nini? Faustin Linyekula, aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974, alianza na fasihi na teatri hapa Kisangani. Mwaka 1993 akaenda Nairobi. Huko, 1997, akaanzisha kundi la dansi Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Mwaka 2001 akafungua Studios Kabako Kinshasa, kisha akaihamishia Kisangani, si Ulaya. Mwaka 2009 aliongoza Bérénice ya Racine kwa waigizaji wa Comédie-Française, Paris. Kabako inashughulika na dansi, teatri, muziki na video. Mwandishi wa televizyo naye anahitaji fasi ya mazoezi na wenzake wa kumsikiliza. Kutoka Masako mpaka mjini ni kilomita 15 hivi.